Mistari Minne

Taimi aliingia dukani na theluji mabegani,
picha kwapani, imeviringwa shuka kuukuu.
Nikaifungua mezani, kando ya gundi na misumari:
mistari minne iliyosimama,
mkanda wa kijivu chini,
tone moja la manjano.
Basi.

“Hii ni miti?”
Mimi ni fundi fremu hapa Kajaani.
Napima, nakata; kusifu na kukosoa si kazi yangu.
Akacheka kwa pua.
“Mwaka wa kwanza nilichora kila jani la msonobari,
jembamba vile kama sindano.
Magome, mawe, hata sungura.
Ikawa soko.
Mwaka wa pili nikamfuta sungura.
Wa tatu, matawi.
Ziwa ndilo lililonishinda, lilikataa kuondoka,
nikalibana, nikalibana,
mpaka likawa huo mkanda.”

Nikatazama tena.
Mti wa tatu umeinama kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake na haoni aliyeita.
Kati yake na wa pili pana uwazi,
upana wa mabega ya mwanamume.
Hapo hapana rangi,
na hapo ndipo jicho langu lilipogoma kuondoka.

Nikataka ajue kwamba nimeelewa.
“Na hili jua,” nikasema, “tunavyolingojea sote Januari…
ni tumaini, sivyo?”

Akavua glavu moja. Akaivaa tena.
“Jua gani linashuka hadi usawa wa kifua?
Hiyo ni rangi ya Urpo.
Miaka thelathini alizunguka msituni na kopo lake,
akiitia alama miti ya kukatwa.
Huo aliutia Ijumaa.
Jumatatu kampuni ikafunga, misumeno haikuja.
Mti upo mpaka leo.
Nami napita hapo nikienda kuchota maji.”

Nikashusha fremu za dhahabu, akatikisa kichwa.
Nyeusi, akatikisa kichwa.
Nikamletea ubao wa msonobari, mwembamba, usiopakwa kitu.
Akaunusa kwanza.
“Nao ulikuwa umesimama mahali,” akasema,
akalipa nusu, akatoka.

Usiku, nikipiga randa,
niligeuza ubao nikakuta nyuma yake
chaki ya kiwandani, namba na mshale.
Randa ilikuwa mkononi.
Nikauacha upande ule kama ulivyo,
uelekee ukuta.