Noti ya Kisiagi

Desemba ile, Chavakali, nilipewa aproni ya mtu mwingine,
jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu: Temesi.
Mteja akiniita Temesi, nilimwitikia.
Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kazi yenyewe: kupokea debe, kupima, kumimina,
kulipiga gunia makofi mpaka litapike punje ya mwisho,
kukumbuka nani kaleta wimbi, nani mahindi,
maana wimbi likiingilia mahindi ya Mama Kadenyi
utasikia ukoo wako ukitajwa, mmoja mmoja, hadi makaburini.

Saa nne asubuhi kisiagi kilikuwa kimeshika kasi.
Mkanda wake ulikuwa na sauti moja,
nene, isiyochoka,
kama mtu anayekataa jambo huku kafumba mdomo.
Mmm.
Wiki ya kwanza ilinipa maumivu ya kichwa.
Wiki ya pili nilikuja na gitaa.

Gitaa la mjomba Kisia: nyuzi tano za haki,
ya sita waya wa breki ya baiskeli,
ufa wa tumboni umezibwa kwa gundi ya fundi viatu.
Hakuna aliyenionyesha namna ya kuzipatanisha.
Nikaukaza ule waya, nikaulegeza, nikaukaza tena,
hadi ukasema alichosema mkanda.
Mmm, kikanena kisiagi.
Mmm, nikajibu kwa kidole gumba.
Nyuzi nyingine nikazipanga juu ya huo
kama tunavyopanga magunia: zito chini.

Bwana Asava alilipa Jumamosi, noti zenye vumbi la unga.
Mama alizikung'uta, akazihesabu, akazitia kwenye kopo la karo.
"Na hizo noti zako nyingine," akasema,
"zilete pia, tuone duka gani litazipokea."
Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika.

Stima ilikuwa ikiondoka bila kuaga.
Mkanda unapunguza mwendo, unashuka, unashuka,
halafu kimya,
na kuku wa jirani ambao hukujua wapo
wanasikika wote kwa pamoja.
Wateja wanakalia mizigo yao, wanailaani kampuni.
Hapo ndipo nilipopiga.
Kijana wa Mama Kadenyi akaokota chupa ya Fanta,
akaigonga kwa msumari, ti-ting, ti-ting,
na mama mmoja wa Mudete, mwenye muhogo uliokauka,
akanikata jicho: "Mbona una haraka?
Kwani hilo nalo unalipwa kwa debe?"

Mimi nililipwa kwa debe.
Kila saa bila stima ilinila shilingi.
Nikawa naomba ipotee hata hivyo,
kimoyomoyo, nikiwa nimeshika ndoo.

Siku tatu baada ya Krismasi mota iliungua.
Ilinuka kama nywele.
Mpya ikaletwa kutoka Kisumu, ya kijani,
bado ina karatasi ya dukani mgongoni.
Asava akawasha, akatabasamu, akawasha tena bila sababu.
Iiii.
Nyembamba, ya juu, yenye pupa.
Nikaifuata. Nikakaza, nikakaza,
uzi mdogo ukakatika, ukanichapa chini ya jicho.
Alama ipo, ndogo kama punje ya wimbi.

Kesho yake sikuifuata.
Nilikaa nyuma, penye pumba, mota ikipiga kelele zake,
nikaitafuta ile ya zamani.
Masikioni haikuwepo.
Ilikuwa chini kidogo, hapa, nyuma ya jina la Temesi.
Nikalegeza waya wa breki polepole
mpaka zikakutana.

Januari niliirudisha aproni, imefuliwa na kupigwa pasi,
unga ukiwa bado kwenye mishono.
Temesi mwenyewe sijawahi kumwona.
Hata sijui kama ni mwanamke au mwanamume,
wala kama aliwahi kuisikia.