Vidole Vinne na Ushee

Shangazi Lahja ana hilali juu ya jicho la kulia,
kovu jembamba lisiloota nywele.
Baridi ikikaza hugeuka zambarau.
"Hapa," husema akikoroga kahawa,
"darubini ya bei mbaya ilinibusu."

Shukrani ya punda ni mateke;
bunduki nayo hushukuru begani,
na chuma kilichojisogeza mno
huipokea salamu, kikaifikisha usoni.

Basi dukani kwa Pentti, mwezi wa tisa,
sikuuliza inavuta mara ngapi.
Yeye alinijazia kaunta:
hii huona kiroboto mgongoni mwa kunguru,
hii ina nukta nyekundu katikati,
hii nene kama chupa ya maziwa.
Nikatoa rula ya shule mfukoni.
Pentti alicheka hadi akakohoa.
Nilitaka sentimita tisa za hewa
kati ya jicho na kioo,
vidole vinne na ushee.
Nikachukua ndogo, nyeusi, isiyo na majivuno,
inayovuta mara nne, basi.

Jikoni Shangazi akasema: vaa koti.
Koti gani, na jiko linawaka?
La kuwindia. Na sweta chini yake.
Kitako hakikai juu ya fulana
kama kinavyokaa juu ya sufu.
Nikavaa. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi.
Fumba macho. Inua. Shavu kwenye mbao. Fumbua.
Hilali nyeusi ilikuwa ikila ukingo wa dunia,
banda la kuku la jirani limebaki nusu.
Akazisogeza pete unene wa ukucha.
Fumba. Fumbua.
Bado.

Mara ya saba mwezi ukapevuka:
duara zima, na ndani yake
shoka la Eino, limesahauliwa kwenye gogo.
Shingo yangu haikwenda kulitafuta.
Lilikuja lenyewe.
Shangazi akakaza skrubu, nusu mzunguko, nusu mzunguko,
ulimi ukimchungulia pembeni mwa mdomo.

Mwezi wa kumi, ukingoni mwa kinamasi,
dume la kulungu likatoka kwenye misonobari,
pembe pana kama makoleo.
Yaliyofuata waulize wenzangu:
nani alivuta kamba, nani alipewa ulimi,
nani alianguka majini na chupa yake.
Mimi nilivua glovu,
nikagusa unyushi.

Mkavu.