Tasa

Karafuu zimepimwa Wete, risiti imeandikwa:
laki tisa na tisini na tisa elfu
mia tisa thamanini na tatu.
Bi Mize akanambia: Wagaie watoto wa ndugu zangu,
sawa kwa sawa, isibaki shilingi.

Kwa wawili, ikabaki moja.
Kwa saba, tano.
Kwa kumi na moja, sita.
Umeme ukakatika, ukarudi.
Namba mia na sitini na nane nikazituma,
ya mwisho mia tisa tisini na saba;
zote zikarudi kama washenga waliokataliwa,
mabaki mkononi.

Haigawiki, shangazi. Ni namba tasa.

Kimya.
Neno hilo aliitwa kisimani, aliitwa arusini,
na jana, na mtu aliyekula kwake.

Nikaona haya. Nikasema mbio mbio:
Lakini sita, ishirini na nne, milioni yenyewe,
zote zimezaliwa na tasa,
tasa mara tasa.

Akaifunga risiti penye pindo la kanga.
Milioni imepungukiwa ngapi?
Kumi na saba.
Nayo yagawika?
Haigawiki.

Akacheka
mpaka kikohozi kikamshika.