Imepokelewa

Walinipa kiti kisicho na mgongo,
ufunguo wa kabati, na miezi kumi na moja.
Ukungu wa Makete ulikaa dirishani
kama mtu aliyeambiwa subiri.

Ndani ya faili, barua ya Obadia Tweve:
*Naomba kalavati mtoni,
watoto wanavuka viatu mkononi.*
Muhuri: IMEPOKELEWA.
Mwaka ule nilikuwa darasa la pili.

Nilipanda kilima kumtafuta, matope hadi goti.
Binti yake akaisoma barua, akacheka kidogo:
“Baba tulishamzika.
Mimi ni mmoja wa hao watoto.”
Akamvua mwanawe viatu, wakavuka.

Jioni, kwenye rasimu ya bajeti,
niliandika *kalavati* kwa penseli.
Mtendaji akatazama, hakusema neno.
Akanisogezea kalamu.