Sijali na Mvua ya Kwanza

Miezi saba hapa Nkuhungu tulikula vumbi.
Bustani ilikuwa jina tu: matuta manne ya mchicha
niliyoyanywesha kwa kikombe, kama mgonjwa,
maji ya dumu, dumu la shilingi mia tano.
Kisha juzi, saa mbili usiku, bati likapigwa
na ardhi ikatoa ile harufu isiyouzwa dukani.

Kwenye taa ya barazani kumbikumbi wakamwagika,
na nyuma ya kumbikumbi, kwa mwendo wa mdai
anayejua kwamba upo nyumbani,
akaja chura.

Mnene. Mgongo umejaa vipele.
Akakaa kando ya bakuli la mbwa,
akameza, akafumba macho, akameza.

Wahenga walisema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Lakini ng'ombe hana udadisi.
Wahenga hawakufuga Sijali.

Jina alipewa na Ndahani, mwanangu wa mwisho,
kwa sababu mbwa huyu akiitwa hageuki.
Amekwishabwekea pikipiki, kivuli cha ndoo,
na kaptula yangu ikiwa kwenye kamba.
Akaruka. Meno sikuyaona.
Nilimwona akitema, kisha kasimama
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Halafu povu.
Jeupe, zito, kama la sabuni ya mche,
kichwa anakitikisa, makucha yanakwangua mdomo,
fizi zimeiva kama ndani ya tikiti.

"Maziwa! Mpe maziwa!" Mama Sechelela, juu ya ukuta.
Mwingine akasema majivu.
Mwingine, kutoka gizani: "Si mbwa tu huyo?"

Nikampigia Daktari Chilongani wa mifugo,
mtu wa ng'ombe na minyoo ya mbuzi,
nikidhani atacheka.
Hakucheka. "Pua itazame chini.
Chini, bwana! Usimmiminie kooni.
Pitisha maji pembeni ya shavu, yatokee mbele.
Futa fizi, futa ulimi kwa kitambaa kibichi,
suuza kitambaa, futa tena.
Kisha mlete. Usingoje kukuche."

Basi nikapiga magoti kwenye tope,
na maji niliyoyanunulia mchicha,
dumu zima, yakapita kinywani mwa mbwa
huku mbingu ikimwaga yake bure.
Ndahani alishika tochi ya simu.
Mwanga ulitetemeka, yeye hakulia.
Alisema tu, "Sijali. Sijali. Sijali,"
na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina
mbwa akageuka.

Chiwanga wa bajaji alidai nauli ya watu watatu.
Nililipa.

Amepona. Ananiangalia kama mimi ndiye niliyemlisha kile kitu.
Siku hizi bakuli linalala ndani,
na taa ya barazani naizima mapema
(kumbikumbi wamehamia kwa Mama Sechelela, anisamehe).
Nyasi za kando ya tangi nimefyeka.
Usiku wa mvua natoka naye kwa kamba,
na yeye anatembea kwa aibu,
kama kijana wa kidato cha nne
anayesindikizwa shule na baba yake.

Chura sikumuua.
Jirani alileta chumvi kwenye sahani, nikamrudishia na sahani yake.
Yule hakumfuata mtu. Sumu yake ameibeba mgongoni,
kimya, na hamtafuti wa kumpa;
ni mpaka umtie mdomoni.
Tena wale wadudu wanaotoboa mchicha wangu
nimeona anavyowashughulikia.
Nilimbeba kwa koleo hadi ng'ambo ya uzio.
Akarudi.
Nikambeba tena.

Sasa hivi yupo chini ya tangi, anaita.
Mvua nyingine inanukia upande wa Mlimwa.
Sijali amelala miguuni pangu, sikio moja limesimama,
ananung'unika ndotoni, miguu inakimbia,
na mimi nimejifunga kamba yake mkononi.