Tarehe ya Jumanne

Saa nane usiku, kiwanda cha maji, Barka.
Mitambo inakamua chumvi,
mimi nakamua macho mbele ya skrini:
faili la vipimo bado linasema Jumanne.
Tumeshaingia Ijumaa.

Skripti inaapa imeligusa.
Haina kosa, haina lalamiko,
ule ukimya wa mtoto aliyevunja kikombe.

Nikakagua ruhusa. Diski haijajaa.
Nikakagua saa ya seva: inasema mbili.
Mama, kule Ibra, angesema nane,
na hajawahi kupitwa na swala.
Si saa.

Muhsin wa zamu akapita na karaki yake,
akapuliza mvuke, akauliza:
"Inapoligusa, imesimama wapi?"

Hapo.

Jumanne niliiendesha mwenyewe, nimo ndani ya folda.
Tangu hapo huamshwa na ratiba,
nayo ratiba huanzia folda ya nyumbani;
hunyoosha mkono gizani
na kugusa jina. Jina tu.

Nikaenda kutazama. Lipo:
faili tupu, baiti sifuri,
jina lilelile herufi kwa herufi,
na tarehe ya leo, dakika ya leo, mbichi.
Siku tatu linaitikia salamu zisizo zake
na hakuna aliyeliambia.

Nikaandika njia kamili, kuanzia mzizi.
Nikaendesha. Ijumaa.
Muhsin akasema "haya," akaenda kwenye pampu zake.

Lile tupu nililifuta asubuhi, baada ya kahawa.
Nililiacha kwanza lione alfajiri moja.