Dhahabu Inayozimika

Puerto Maldonado, saa saba usiku.
Jenereta ya hospitali inakohoa ng'ambo ya ukuta.
Juzi nilivunja mayai sita ya kuku wa shangazi Eduviges;
viini nikakaanga, nikala na muhogo,
ute nikautia kazini.

Kazi yake ni kulea.
Niliutilia chumvi ya dhahabu, ya manjano kama mkojo wa alfajiri,
na soda kali, na joto la mwili wa mtu, basi.
Kulipokucha ute ulikuwa umezikumbatia atomi,
ishirini na tano kila kumbatio,
wachache mno kuitwa ukoo.

Maana dhahabu ni wingi.
Ile ya pete, ile ya jino la mbele la kaka yangu Wilber,
inang'aa kwa kuwa elektroni zake ni umati wa sokoni,
kila moja yaenda inakotaka.
Ipunguze, ipunguze tena,
soko hufungwa, zikabaki ngazi tupu:
elektroni hupanda kwa mwanga usioonekana
na kushuka kwa mwekundu.

Zima taa. Washa ile ya zambarau.
Ona: kaa la moto ndani ya maji, na maji ni baridi.

Sasa samaki.
Kambare huyu kavuliwa chini ya kambi ya Wilber,
pale anapokanda zebaki na mchanga kwa mikono mitupu,
akaichoma kwenye kikaango;
dhahabu yaenda Lima, moshi unarudi mtoni.
Mnofu nimeuyeyusha kwa asidi hadi ukawa maji.
Tone moja.

Kaa linafifia.
La pili. Giza.

Ni mapenzi yaleyale, Wilber.
Zebaki inayokutafutia dhahabu katika tope
imeitafuta hii yangu hadi chupani,
imeishika, na taa imezima.
Tulifundishwa kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu.
Hatukuambiwa juu ya dhahabu
isemayo kweli kwa kuacha kung'aa.

Nimeandika tarakimu daftarini, nimepigia mstari.
Imebaki bahasha moja mezani:
nywele za Yadira, binti yako, miaka minne,
apendaye kichwa cha samaki kuliko wali.

Chupa ya mwisho bado inawaka.
Nimeishika tu.